Tukizigawia familia vitabu vya watoto bure, vitasomwa au vitararuliwa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha wazazi. Tumepata mfadhili aliye tayari kutununulia vitabu ili tuzigawie bure familia zenye watoto chini ya miaka mitano. Kikundi kimegawanyika. Mweka hazina wetu anasema ni kutupa fedha: watoto wa umri huo hawajui kusoma, watavirarua tu, na wazazi wengi wenyewe wanasoma kwa kubahatisha. Yeye anataka tusubiri watoto waingie darasa la kwanza, au tununue vishikwambi. Wengine wanataka tupokee maboksi ya vitabu vya Kiingereza vilivyokwisha kutumika, ambavyo tumeahidiwa bila malipo, ili fedha ya mfadhili ifanye mambo mengine. Mimi naamini vitabu vinasaidia ila sina hoja ya kumshinda. Tena mama mmoja kati yetu ana mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu ambaye hasemi zaidi ya 'mama' na 'baba'. Anatuhimiza tuharakishe, anaamini vitabu vitamfungua ulimi. Tufanye nini?"

Marahaba. Naanzia mwisho wa swali lako, maana la huyo mama halina muda wa kusubiri fedha za mfadhili. Mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye maneno mawili tu anatakiwa aonwe na mtaalamu ana kwa ana, na safari hiyo ianze wiki hii. Watoto wengi wakifikisha miaka miwili huwa tayari wanaunganisha maneno mawili wenyewe: "mama njoo", "maji kwisha", "baba gari". Sarufi itakuwa mbovu, hilo lisikusumbue. Kinachoangaliwa ni kwamba wanaunganisha.

Kitu cha kwanza kupimwa ni masikio. Mtoto hawezi kuiga asichokisikia, na tatizo la usikivu hujificha sana. Mlango ukibamizwa anageuka, pikipiki ikipita anakimbilia dirishani, basi nyumba nzima inaapa kwamba anasikia vizuri. Kumbe sauti nyembamba za maneno, kama s, f na sh, zinampita, hasa ikiwa amejaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio kwa sababu ya mafua yasiyokwisha. Mama aende kliniki, aombe kipimo cha usikivu, kisha aombe rufaa kwa mtaalamu wa lugha na matamshi. Aende na majibu ya maswali atakayoulizwa: mtoto ananyooshea kidole kitu anachokitaka? Akiitwa jina anageuka? Akiambiwa "lete kiatu", bila mtu kumwonyesha kwa mkono, anakileta? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Kama jibu la hilo la mwisho ni ndiyo, amwone daktari haraka iwezekanavyo.

Njiani atakutana na watu wa kumtuliza. Watamwambia watoto wa kiume huchelewa, mnamchanganya na lugha mbili, ulimi wake umefungwa ukatwe. Ni kweli kwamba kwa wastani wasichana huwatangulia wavulana kidogo kuongea, lakini tofauti yenyewe si kubwa kiasi hiki. Lugha mbili nyumbani hazimfanyi mtoto achelewe. Ukitaka kuhesabu maneno yake, yahesabu ya lugha zote kwa pamoja. Na utando mfupi chini ya ulimi unaweza kumsumbua kunyonya, pengine ukaathiri matamshi ya sauti fulani, lakini haumzuii mtoto kujifunza maneno. Kitabu kitamfaa huyo mtoto, tena aanze leo kama kipo. Ila kiende sambamba na vipimo. Kikishika nafasi ya vipimo kitamcheleweshea msaada katika umri ambao kila mwezi una maana.

Sasa tumrudie mweka hazina. Ningekuwa wewe nisingetafuta kumshinda, kwa sababu nusu ya anachosema ni kweli. Vitabu vikishushwa, vikagawiwa, picha ya mfadhili ikapigwa na kila mtu akaenda zake, mara nyingi huishia juu ya kabati ili visichafuke. Vinakaa huko vikingoja mtoto "akue". Huko ni kutupa fedha kweli. Nusu aliyokosea ni ile inayosema kusoma huanza darasa la kwanza.

Kusoma ni kazi mbili zinazofanyika kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kugeuza herufi kuwa sauti. Ya pili ni kuelewa maneno yanayotokana na sauti hizo. Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, waliliandika jambo hili kama hesabu ya kuzidisha: uwezo wa kusoma ni ule wa kutambua maneno mara ule wa kuelewa lugha. Moja ikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata nyingine iwe kubwa namna gani. Kwa anayesoma Kiswahili, kazi ya kwanza ni nafuu, kwa sababu herufi zake karibu zote zina sauti isiyobadilikabadilika. Mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake anaweza baada ya muda si mrefu kutamka karibu neno lolote utakalomwandikia. Ndiyo maana wengi wetu tunadanganyika. Mwalimu yeyote wa madarasa ya chini anamjua mtoto anayesoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukosea, halafu ukimuuliza habari yenyewe inahusu nini, anakutazama. Herufi anazo. Maneno hana.

Na maneno hayo hayapatikani darasa la kwanza. Mtoto huingia nayo shuleni au huingia bila nayo. Yanajengwa tangu kuzaliwa, katika mazungumzo. Lakini angalia mazungumzo ya kawaida ya nyumbani na mtoto mdogo yalivyo: njoo, kaa, acha, kula, nawa, usiguse, lala. Siwalaumu wazazi, maisha yana haraka, na mambo tunayoyafanya na mtoto kila siku ni yale yale, hivyo na maneno yake ni yale yale. Kitabu cha picha kinaleta nyumbani mambo ambayo hayapo chumbani: mto uliofurika, kobe anayezubaa, msichana aliyeona wivu, mtu aliyepanda mnara. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichambua maandishi ya vitabu 100 vya picha vya watoto, wakayalinganisha na maneno ambayo wazazi huwaambia watoto wao katika maongezi ya kawaida. Vitabu vilikuwa na maneno ya aina nyingi zaidi. Ukikaa na kitabu dakika kumi, unajikuta umetaja vitu ambavyo pengine usingevitaja mwezi mzima.

Kuna na jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Mtoto hujifunza jina la kitu vizuri zaidi pale yeye na mkubwa wake wanapokitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Siku nzima nyumbani hilo hutokea kwa bahati: wewe unasema "sufuria", yeye anaangalia paka. Kitabu kilichofunguliwa mapajani kinaondoa bahati. Macho manne, ukurasa mmoja, kidole kimoja. Hata kichanga, ambaye huona vizuri zaidi vitu vilivyo sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, yuko katika umbali huo huo akiwa amepakatwa. Haelewi hadithi, naam. Anasikia sauti yako ikipanda na kushuka, anaona kitu kinageuzwa, na anazoea kwamba wakati huu ni wake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri madaktari mwaka 2014 wawahimize wazazi kusoma na watoto tangu uchangani, na msingi wa ushauri huo ulikuwa huu wa lugha na ukaribu, wala si kwamba mtoto wa miezi mitatu ataijua herufi "a".

Kuhusu kurarua: watararua. Mtoto wa miezi tisa hupeleka kila kitu mdomoni, kitabu nacho, kwa kuwa mdomo ndicho chombo chake cha uchunguzi. Wa mwaka mmoja anageuza kurasa tatu kwa mpigo. Hilo linatibiwa wakati wa kununua, kwa kuchagua vile vya kadibodi nene kwa watoto walio chini ya miaka miwili, na gundi ya karatasi kwa waliobaki.

Wazo lenu halikuanzia kwenu, na hiyo ni bahati, maana waliotangulia wameshapimwa. Mwaka 1989 madaktari wa watoto katika hospitali ya umma mjini Boston walianzisha mpango wa Reach Out and Read: mtoto akija kliniki, daktari anampa kitabu na kuzungumza na mzazi namna ya kukitumia. Mwaka 1992 Uingereza ilianza Bookstart mjini Birmingham, kwa familia 300 zenye watoto wachanga. Mwaka 1995 mwimbaji Dolly Parton alianzisha Imagination Library katika wilaya aliyozaliwa, Sevier, jimbo la Tennessee, akimkumbuka baba yake ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Mtoto aliyeandikishwa hupelekewa kitabu kimoja kwa posta kila mwezi mpaka afikishe miaka mitano, na kufikia 2023 mpango huo ulikuwa umepitisha vitabu milioni 200.

Matokeo yake? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikusanya tafiti nyingi za mipango hii mitatu. Ulikuta kwamba kugawa vitabu kunabadilisha kweli tabia ya kusoma nyumbani na kunasaidia stadi za watoto, lakini kwa kiasi kidogo. Nakuomba ulipeleke neno hilo "kidogo" kwenye kikao kama lilivyo. Utaona watu wakikutajia kwamba watoto wa nyumba zenye vitabu vingi husoma shule miaka mingi zaidi. Ni kweli, limeonekana katika nchi nyingi. Lakini nyumba yenye vitabu mamia kwa kawaida ina na wazazi waliosoma, taa, utulivu na mengine mengi. Huwezi kuchukua vitabu peke yake ukategemea vije na hayo yote. Mweka hazina wako akiuliza swali hilo, na anaonekana ni mtu wa kuuliza, mkubalie.

Hoja yenye nguvu zaidi iko kwingine, na inajibu moja kwa moja lile la wazazi wanaosoma kwa kubahatisha. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika vijijini nchini Kenya, wenye walezi 357 na watoto 510 wa miaka miwili hadi karibu saba. Kundi moja lilipewa vitabu tu. Makundi mengine yalipewa vitabu vile vile pamoja na mafunzo, mengine machache, mengine zaidi, ya jinsi ya kuzungumza na mtoto juu ya kitabu. Vitabu vilikuwa vya mazingira wanayoyajua na lugha wanazozisema. Walezi waliopata vitabu pamoja na mafunzo walikaa na vitabu mara nyingi zaidi na kuzungumza na watoto vizuri zaidi, na mafunzo hayo ndiyo yaliyoongeza maneno ambayo watoto waliweza kuyataja kutoka vitabuni. Na hili lisome kwa sauti kikaoni: watoto wa walezi wasiojua kusoma walinufaika angalau sawasawa na watoto wa wanaojua. Afrika Kusini nako, katika kitongoji cha Khayelitsha, akina mama wa watoto wa mwaka mmoja na ushee walifundishwa kwa wiki nane kushirikiana kitabu na mtoto. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha watoto wao wamesonga mbele katika lugha na hata katika kutulia kwenye jambo moja.

Inawezekanaje mtu asiyejua kusoma amsomee mtoto? Fikiria ukurasa mmoja: chumba, kitanda, mbwa amejificha chini yake, kijana anamtafuta, dirisha liko wazi. Mama anayejua kusoma vizuri sana anaanza: "Juma anamtafuta mbwa wake." Mtoto anaweka kidole kwenye dirisha. "Toa mkono, sikiliza." Anamaliza sentensi, anageuza. Mtoto anageuza kurudi nyuma. "Ukurasa ule tumeshamaliza." Dakika mbili baadaye mtoto ameshuka mapajani, na mama anaamini mwanawe hapendi vitabu.

Ukurasa huo huo, bibi asiyejua herufi hata moja. Mtoto anaweka kidole kwenye dirisha.

"Ee, dirisha hilo. Limefunguliwa. Nani kalifungua?"

"Mbwa."

"Mbwa! Mbwa anaweza kufungua dirisha?" Mtoto anacheka, anatikisa kichwa. "Basi nani?"

"Baba."

"Baba kafungua, upepo uingie. Na mbwa mwenyewe yuko wapi?"

"Chini."

"Chini ya kitanda. Amejificha chini ya kitanda."

Tazama alichokifanya. Alifuata kidole cha mtoto badala ya kufuata maandishi. Maswali yake karibu yote hayakuwa ya kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Jibu la ajabu hakulikemea, alilichezea. Na mwisho, mtoto akasema neno moja, "chini", bibi akalirudisha likiwa sentensi nzima. Hapo pa mwisho ndipo penye kazi kubwa: mtoto amesikia usemi mrefu kidogo kuliko uwezo wake wa sasa, kuhusu jambo ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelitaka. Kesho atataka ukurasa huo huo tena, na kesho kutwa. Wazazi huchoshwa na kurudia, mimi pia ningechoka, lakini neno jipya halishiki kwa kusikiwa mara moja. Baada ya muda mtoto ataanza yeye kumweleza bibi kwamba mbwa kajificha.

Bibi huyu hatamfundisha mjukuu kutambua herufi, hiyo ni kazi ya mwalimu na itakuja. Anamjengea ile kazi ya pili, ambayo mwalimu mwenye watoto sitini darasani hana namna ya kuijenga. Akiongeza nyimbo, vitendawili na michezo ya maneno yanayoanza kwa sauti moja, anamzoesha pia kusikia vipande vya neno, na hilo litamrahisishia herufi zikifika. Kwa watoto wa miaka minne na mitano, mlezi anayejua kusoma apitishe kidole chini ya maneno mara mojamoja, mtoto aone kwamba sauti inatoka kwenye maandishi na inakwenda upande mmoja. Mara mojamoja tu. Isigeuke mtihani.

Vishikwambi siviungi mkono kwa umri huu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asikae mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua heri, muda wa kukaa utumike kusoma na kusimuliana hadithi na mlezi. Kuna na sababu ya karibu zaidi. Mzazi na mtoto wakishika kifaa, maongezi huhamia kwenye kifaa: bonyeza hapa, usibonyeze hapo, shika vizuri. Watafiti waliolinganisha mwaka 2019 waliona kwamba wazazi na watoto wadogo huzungumza kidogo zaidi wakitumia kitabu cha kwenye kishikwambi kuliko cha karatasi. Kifaa kinachosimulia chenyewe ndicho kibaya zaidi kwa kazi yenu, maana kinamwambia bibi akae kimya.

Intaneti ina faida nyingine kwenu, ya upatikanaji. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, wanatoa hadithi za watoto za leseni huria katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Mnaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa, hata kuzitafsiri kwa lugha ya nyumbani kwenu mradi mmetaja waliozitunga. Kwa watoto wa miaka mitatu na kuendelea, kijitabu kilichochapwa na kubanwa pini kinatosha kabisa. Kwa wadogo zaidi karatasi hiyo haitadumu, hapo nunueni kadibodi.

Maboksi ya Kiingereza yanahitaji uangalifu, kwa sababu ni rahisi kuyapokea na vigumu kuyakataa. Mzazi akipewa kitabu cha lugha asiyoisema, mazungumzo yanakufa, na mazungumzo ndiyo dawa yenyewe. Wengine watajilazimisha kuongea na mtoto Kiingereza cha kuokoteza wakidhani ndiyo elimu. Mtoto aliyekomaa katika lugha ya nyumbani hana hasara. Msingi huo ndio anaoutumia kujifunza lugha ya pili baadaye. UNESCO ilipendekeza tangu 1953 kwamba elimu ya mwanzo itolewe kwa lugha ya mama. Basi ombeni kwanza orodha au picha za vilivyomo. Vyenye picha wazi na maneno machache au bila maneno kabisa, chukueni, vitasimuliwa kwa lugha yoyote. Vya watoto wakubwa vielekezwe shuleni. Vilivyochakaa na vya mambo yasiyohusiana, semeni asante hapana. Zawadi hiyo ina usafiri, uchambuzi na mahali pa kuhifadhi, na gharama hizo zitatoka mfukoni mwenu.

Kusubiri darasa la kwanza nimeshakujibu.

Swali ambalo hukuliuliza, na ambalo mtalikuta, ni kama vitabu viwe mali ya familia au viazimwe na kurudishwa. Vya kuazima vinatoa aina nyingi kwa fedha kidogo. Lakini mtoto mdogo anahitaji kurudia, na mzazi anayejua kwamba atadaiwa kitabu atakiweka juu ya lile kabati. Kwa hiyo vya kwanza viwe vyao kabisa, bila kutia saini na bila faini. Baadaye, familia zikizoea, wekeni na sanduku la kubadilishana.

Na msitawanye. Heri familia thelathini zipate kitabu kipya kila baada ya miezi miwili kuliko familia mia tatu zipate kimoja kimoja siku ya sherehe. Ugawaji wenyewe uwe mahali ambapo wazazi wanafika hata bila ninyi, kwa mfano kliniki siku ya chanjo, kwa makubaliano na wahusika. Anayekabidhi asikabidhi tu. Achukue dakika tano akae na mtoto yule yule, kitabu kile kile, mzazi akitazama, kisha ampishe mzazi ajaribu. Anapoonyesha, afunike maandishi kwa kiganja, kwa wazazi wote bila kubagua. Kwa njia hiyo asiyejua kusoma hatajulikana wala kuaibika, na anayejua ataacha kukimbizana na mistari. Kamwe asisimame mtu kuuliza "nani hapa hajui kusoma?" Mkiuliza hivyo siku ya kwanza, siku ya pili hawatakuja, nao ndio mnaowataka. Waiteni na akina baba, babu na kaka wakubwa. Mtoto wa darasa la nne anayemsimulia mdogo wake ni msomaji mzuri na hana gharama.

Mfadhili atataka kujua kama imefaa. Msiwapime watoto, hamna vyombo vya kupimia na mtawatia wazazi hofu. Baada ya miezi mitatu mtembelee nyumba chache, muombe mtoto alete kitabu akipendacho, kisha mkae mtazame. Anajua kilipo? Kiko mahali anapofikia? Anakifungua kutoka mbele? Anaanza kusema kabla hajaulizwa? Kitabu chenye pembe zilizolika na alama za vidole ni habari njema kuliko kilichong'aa. Muulizeni mlezi ni lini mara ya mwisho walikifungua, si "huwa mnasoma?", maana hilo la pili kila mtu atajibu ndiyo. Katika barua ya maombi msiahidi alama za mitihani wala kwamba kila mtoto atasoma akiingia shule. Ahidini kwamba familia kadhaa zitakuwa na vitabu, zitaonyeshwa namna ya kuvitumia, na mtarudi kuangalia.

Katika bajeti wekeni vifungu viwili tangu mwanzo: vitabu, na mafunzo pamoja na nauli za wanaoonyesha na kutembelea. Mfadhili akisema yeye hulipia vitabu tu, mwombeni anunue vichache zaidi ili kifungu cha pili kipate fedha. Akikataa hata hilo, tafuteni watu wawili au watatu wa kujitolea kabla boksi la kwanza halijafunguliwa. Mweka hazina, kwa maswali anayouliza, angefaa kuwa mmoja wa watakaotembelea zile nyumba baada ya miezi mitatu.